Mchezo Aliouleta Maulidi

Nilisikia ule muziki kabla sijamwona anayeucheza. Ulitoka chumba cha nyuma, ukapenya pazia, ukapita juu ya vichwa vya wanawake waliokaa mkekani wakichambua mchele wa hitima: sauti nyembamba ya bati, sekunde saba hivi, halafu tena zile zile saba, kama mtu anayegonga kikombe kwa kijiko akiamini anatunga wimbo. Mikono yangu ikasimama juu ya ungo. Ilikuwa zaidi ya miaka ishirini tangu niusikie, na bado kidole gumba changu cha kulia kilijikunja chenyewe kikitafuta kitufe. Tulikuwa siku ya tatu ya matanga ya mama mdogo, Bi Hidaya, katika nyumba yake ya Dunda, Bagamoyo, na humo ndani kulikuwa na mtu anacheza gemu.

Nikaenda kumtazama. Alikuwa binamu yangu Hafidhi, mwanamume mwenye ndevu na watoto wanne, amejinyoosha juu ya kitanda cha marehemu na simu usoni. Akanieleza bila haya kwamba siku hizi gemu zote za zamani zinapatikana bure kwenye simu, na kwamba hii hasa alikuwa akiitafuta kwa miaka. "Da Tatu, unaikumbuka? Hii ilikuwa moto." Nikamwambia naikumbuka. Sikumwambia kwamba haikuwa moto, haikuwa hata moshi. Huko Dar es Salaam ninakoishi, kwenye vikao vyetu vya waandishi, nimewasikia watu wenye miwani mizuri wakizisifu gemu za namna hii, wakisema kulikuwa na unyenyekevu fulani katika uchache wa zile rangi. Wanasema hivyo kwa sababu hawakukaa nazo. Mimi nilikaa na hii miezi mingi ya mwaka mmoja, nikaimaliza, na sijui mtu mwingine yeyote Bagamoyo aliyefanya upuuzi huo. Nikarudi mkekani. Mikono yangu ikaendelea kutoa mawe kwenye mchele, lakini mimi nilikuwa nimeshaingia katika mwaka ule, na sikuwa na hamu ya kuingia.

Ulikuwa mwaka wa kusubiri. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, kisha yalipotoka nikasubiri kupangiwa shule, nikalala katika chumba cha nyuma cha mama mdogo nikiwa na kamusi moja ya Kiingereza na dharau kwa kila kitu. Nilidharau ukumbi wake wa mbele, viti vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, runinga ndogo iliyofunikwa kitambaa kingine cha kufuma kana kwamba ni maiti ya mtoto. Nilidharau kifungua kinywa cha mihogo ya nazi, ambayo leo ningevuka mto kuifuata. Nilidharau mazungumzo ya wanawake waliokuja alasiri, hasa jirani yetu Bi Mwanahamisi, aliyekuwa na neno kwa kila mtu na hakuwa na kazi. Zaidi ya wote nilimdharau Maulidi.

Maulidi alikuwa mtafsiri wa filamu. Katika banda la video, huko chini karibu na soko, alikaa kwenye kigoda ubavuni mwa runinga na kipaza sauti mkononi, akapunguza sauti ya Wazungu, akasema yeye. Alisema kwa ajili ya wote: jambazi, polisi, binti, farasi. Wanaume waliingia kwa ajili ya sauti yake kuliko picha. Wanawake hawakwenda bandani, kwa hiyo kila Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri Maulidi aliiweka deki yake kwenye mfuko wa rambo, akaja nayo kwa mama mdogo, na ukumbi ukajaa kanga na harufu ya udi na vitumbua. Nilikuwa nimepata alama nzuri za Kiingereza kuliko wenzangu wote, na kumsikiliza mtu yule kulikuwa kama kumtazama mpishi anayetia sukari kwenye mchuzi wa samaki. Mzungu alisema maneno matatu, Maulidi akasema sentensi tano, mbili kati yake zikiwa methali. Nilipomwamkia niliimeza shikamoo mpaka ikabaki herufi mbili. Yeye alinijibu marahaba kamili, yenye pumzi zake zote, na hilo lilinikera zaidi.

Filamu waliyoipenda ilikuwa moja. Ilikuwa na jina la Kizungu kwenye kasha, lakini Maulidi alilifuta kwa wino na kuandika "Sefu na Mamaye". Katika simulizi yake, Sefu alikuwa mkulima wa viazi, mwenye kofia nyekundu, ambaye matajiri wa mjini walimwibia mama. Akabeba gunia lake akaingia mjini kumtafuta, akimpiga kwa gunia hilo kila aliyemzuia. Mwanzo wa mkanda Maulidi aliuruka siku zote, akisema ni matangazo. Mwisho haukuwahi kuonekana, kwani alisema deki iliutafuna. Sefu alipofika kwenye mlango wa ghala, Maulidi alizima runinga, akasimama katikati ya ukumbi, akausimulia mwisho kwa mdomo. Mama hawezi kutembea. Mama amekuwa mwepesi kama kuni kavu, lakini Sefu anapombeba mgongoni anaona ni mzito kuliko magunia yote ya maisha yake, kwa sababu gunia halipumui shingoni mwako. Maulidi aliinama akisema hayo, mikono nyuma, kana kwamba kweli kuna mtu, na machozi yakamtoka. Wanawake walilia kwenye ncha za kanga. Mimi nilikaa mlangoni nikikuna mbu.

Kilio cha mama mdogo kilikuwa kingine. Yeye alikuwa amembeba mamaye, bibi yangu, miaka mitatu, kutoka kitandani hadi bafuni na kurudi, mgongoni hivyo hivyo, na mumewe alimwacha kwa sababu ya mgongo ule. Bibi alikuwa amefariki miezi michache kabla sijaja. Jioni moja baada ya onyesho nilimsikia uani, amekalia mbuzi anakuna nazi, Bi Mwanahamisi yuko pembeni anakula ubuyu.

"Yule hakusimuliwa," mama mdogo alisema. "Habari ya kupumuliwa shingoni huipati kwa kusimuliwa. Yule kabeba mtu."

"Au kabeba mkaa," Bi Mwanahamisi akajibu. "Mgongo haujui tofauti."

Mama mdogo hakucheka. Wiki mbili baadaye posa ikaja kutoka kwa Maulidi, kwa njia zote za heshima, na wakubwa wa ukoo wakasema mwanamke huyu ni mtu mzima, aulizwe mwenyewe. Akasema atajibu kabla ya Ramadhani. Kila mtu alijua atajibu ndiyo. Nilijua na mimi, na nilijua pia kwamba chumba cha nyuma hakitabaki changu, na kwamba nitakuwa nikimwamkia mwongo huyu kila asubuhi ya maisha yangu. Ningependa kuandika kwamba nilimwonea mama mdogo uchungu. Nilikionea uchungu kitanda.

Gemu aliileta Maulidi mwenyewe. Alikwenda Kariakoo kutafuta mikanda, akaona kwenye meza ya muuzaji kaseti ya njano yenye picha ya mtu mwenye kofia nyekundu na gunia begani, akaitambua. Akanunua kaseti pamoja na mashine yake na pedi mbili za kushikia na kuchezea, zenye nyaya fupi kama mkia wa mbuzi. Akaiweka juu ya meza ya ukumbi, mbele ya mama mdogo na wanawake wote, akasema ni kwa ajili ya Tatu, asichoke kusubiri shule. "Sefu huyu hapa," akaniambia. "Sasa utamfuata mwenyewe mpaka kwa mamaye." Nimelifikiria sana kosa lile. Kama wengi pale kwetu, alijua gemu za matofali yanayoanguka na za magari yanayozunguka, gemu ambazo haziishi, unacheza mpaka unachoka. Haikumpitikia kwamba kitu cha kuchezea kinaweza kuwa na mwisho.

Na kitu chenyewe kilikuwaje. Sefu, kimtu cha urefu wa kidole, alikwenda kulia. Hakufanya jingine. Ukimvuta kushoto, ukingo wa runinga ulimzuia kama ukuta, kwa sababu waliomtengeneza hawakuona haja ya mtu kurudi alikotoka. Ukibonyeza aruke, aliruka baada ya kufikiri. Ukibonyeza apige, gunia lilipita ndani ya adui bila kumgusa, lakini adui akikukaribia kwa upana wa mkono ulikufa. Maadui walikuwa wa aina tatu: panya wa buluu, kibonge mwenye rungu, na ndege ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuwepo. Hatua zilikuwa sita, na zote zilikuwa barabara ile ile iliyopakwa rangi nyingine. Watu waliotengeneza filamu mbaya waliwapa wengine picha ya kofia, wakawaambia watengeneze kitu kibaya zaidi kabla ya mwezi kwisha, na wale wakatii. Hapakuwa na namna ya kuhifadhi ulipofika. Ukifa ulianza mwanzo, na umeme ukikatika ulianza mwanzo, na mashine ikipata moto, Sefu aligawanyika vipande vipande na ilibidi kuifunika kwa kitambaa kibichi kama mgonjwa wa homa.

Niliicheza kila siku. Sijui kuieleza aibu hiyo vizuri zaidi. Nilikuwa msichana aliyejiona bora kuliko mji mzima, na asubuhi yangu, baada ya chai ya tangawizi na kipande cha mkate wa kumimina, ilikuwa kwenda kulia. Wanawake walilichukulia kama jukumu la mtaa. Bi Mwanahamisi alipita dirishani na ndoo kichwani akauliza, kabla ya salamu, "Umefika kwa mama?" Nikajibu bado. Muuza samaki aliuliza. Mama mdogo hakuuliza, lakini jioni alikaa nyuma yangu akisuka ukili, na Sefu alipokufa nilisikia vidole vyake vikisimama. Alitaka kumwona yule mama. Alitaka kuona jinsi alivyobebwa. Nilijua hilo, nikalidharau nalo.

Kuelekea mwisho wa masika nilifika hatua ya tano kwa mara ya kwanza. Huko, juu ya ukuta wa kijivu, kulikuwa na kibao cha Kiingereza chenye mshale wa kuelekea kulia. Nilisoma nikadhani nimekosea. Nikachukua kamusi. Kibao kilisema kwamba mbele ndiko walikofungiwa nguruwe wa maonyesho. Nikakaa na pedi mapajani mpaka kibonge akamuua Sefu, na ghafla mambo yote yakajipanga: mwanzo unaorukwa, mwisho uliotafunwa. Mkulima yule hakuwa akitafuta mama. Alikuwa akitafuta nguruwe wake, mshindi wa zawadi, aliyeibwa, na Bagamoyo yetu, mji wa madrasa na maulidi, ilikuwa ikimlilia nguruwe kila Jumamosi kwa ncha za kanga. Sijawahi kufurahi hivyo tena, hata kitabu changu cha kwanza kilipotoka.

Kukaa kimya sikuweza. Nilianza kumtania Maulidi kwa mafumbo, nikamwuliza mbele za watu kama Sefu alikuwa akifuga kitu. Asubuhi ya Jumatano alikuja wakati mama mdogo yuko sokoni. Hakuingia ndani, alikaa barazani kama inavyopasa, kofia gotini. Akasema anaiomba ile kaseti kidogo akaisafishe. Nikamwambia ni safi. Akauliza nimefika wapi, nikamwambia ya tano, na kwamba nimesoma kibao.

"Kiingereza changu si cha shule," akasema. "Nilikipata jikoni, kwenye hoteli ya watalii. Lakini mnyama yule namjua anavyoitwa." Kisha akaniuliza, kwa upole, kama anayetaka ushauri, "Ningewaambia nini, Tatu? Kwamba mtu kapiga nusu ya mji kwa ajili ya nguruwe? Wangeinuka wote wakaenda kuoga."

"Ungewaambia hivyo hivyo."

"Halafu wangelia nini?"

Nilimwambia kwamba hakuna aliyemtuma awalize. Akatazama barabara. Akasema atamweleza Bi Hidaya mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla ya Jumamosi, na akaniomba nimwachie hilo tu. Nikasema sawa. Leo naishi kwa kazi ile ile aliyokuwa akiifanya kwenye kigoda. Nachukua kitu cha ovyo nilichokiona kwa jicho moja, naruka mwanzo, nauzima mwisho, nakitia mama ndani yake ili watu walie, na wananialika kwenye meza zenye vitambaa vyeupe kuzungumzia ukweli. Hilo halinifanyi nimpende Maulidi. Linanifanya tu nikose pa kusimama ninapomcheka.

Jumamosi ikafika na hakuwa amesema. Nilimchunguza mama mdogo tangu alfajiri: anaimba kwa sauti ya chini, anachoma vitumbua, ametoa vikombe vya wageni. Alimwambia Bi Mwanahamisi uani, nami nikisikia, kwamba leo watu wakishaondoka atampa jibu lake. Nikawasha mashine mapema, nikaanza kwenda kulia. Sijawahi kucheza vile. Panya, kibonge, ndege, nikawapita kama naenda msalani kwangu. Wanawake walipoingia nilikuwa ya tano, na habari kwamba Tatu leo anafika kwa mama ilitoka nje ikarudi na watu wengine sita. Maulidi aliingia na mfuko wake wa rambo, akakaa kiti cha karibu na mlango, akapewa kahawa. Aliniangalia. Angeweza kumwita mama mdogo kando wakati ule. Nami ningeweza kumtumbukiza Sefu shimoni na kumpa Maulidi nusu saa nyingine. Hakuwa amemaliza kikombe cha kwanza nilipoufungua mlango wa ghala.

Skrini ikawa nyeusi. Kisha ikaja picha moja iliyojaa runinga yote, kubwa na ya wazi kuliko chochote gemu ile ilichowahi kuonyesha, kana kwamba rangi zote walizibania kwa ajili yake: Sefu amepiga magoti, kofia mkononi, amemkumbatia nguruwe wa waridi, shavu kwa shavu, na nguruwe ana utepe shingoni. Chini yake maandishi. Bi Mwanahamisi alivuta kanga akaifunika sahani ya vitumbua. Nikasoma Kiingereza kwa sauti, kwa matamshi yangu mazuri ya shule, kisha nikakitafsiri neno kwa neno, bila methali: hongera, umemwokoa nguruwe wako, wewe ni mkulima bora.

Mama mdogo aliweka chini birika. Hakunitazama mimi.

"Maulidi," akasema, "kile ni nini?"

Alisimama. Niliona kabisa, na wengine nadhani waliona, kwamba ukweli ulimfika mdomoni. Ulikuwa mwepesi, neno moja. Lakini watu walikuwa wengi, na wote walimgeukia yeye kama walivyomgeukia kila Jumamosi, na ile sauti ya kigodani ikamtoka yenyewe.

"Hapa ndipo penye uchungu wake," akasema. "Matajiri walikuwa wamekwenda kwa waganga. Kijana anaufungua mlango, anamkuta mama wamemgeuza umbo, na haoni haya kumkumbatia, kwa sababu radhi ya mama haitazami..."

Bi Mwanahamisi ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika ukuta, na ukumbi mzima ukamfuata. Mtu alimwomba Maulidi atafsiri na utepe. Mwingine akauliza mama yake Sefu alikuwa akizaa wangapi kwa mkupuo. Nilicheka na mimi, nilicheka kuliko wote, nikatazama nyuma ili mama mdogo anione nilivyomfunulia, na yeye peke yake alikuwa hacheki. Akangoja mpaka wakachoka.

"Maneno ya mgongoni yalikuwa mazuri," akamwambia Maulidi. Alisema polepole, kama mtu anayepanga vyombo. "Ungeniambia ni nguruwe, ningecheka kama hawa. Wallahi ningecheka, na jibu lako ningekupa. Sasa nimekuuliza kitu ninachokiona kwa macho yangu, umeniongezea waganga."

"Bi Hidaya, nisikilize."

"Nimekusikiliza mwaka. Siku nikiwa kitandani sijiwezi, ukaniambia maji yamechemka, mimi nitajuaje kama kuna maji?"

Wanawake walikuwa wameanza kutazama mikeka. Maulidi akainamia deki, akaitia mfukoni pamoja na waya wake, taratibu, akihakikisha waya haujikunji, kama mtu mwenye onyesho jingine la kuwahi. Mlangoni alivaa kandambili zake, akasema kwaherini. Mimi ndiye niliyeitikia, kwa sababu nilikuwa nimelelewa kuitikia, na sauti yangu ilisikika vibaya mle ndani. Mama mdogo akanyanyuka, akamfuata mpaka kizingitini, akasubiri ashuke barazani. Mlango ulikuwa umevimba kwa mvua. Akauegemea kwa bega, akausukuma mpaka ukaingia kwenye fremu yake, akateremsha komeo.